Mzigo wa Mwenzio: Maelezo juu ya Lori na Njia ya Tunduma

Wahenga walisema kwamba mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aubebaye ndiye ajuaye uzito wake. Atazamaye huuona mwepesi. Methali hii yafaa kuwekwa mwanzoni mwa maelezo juu ya malori, kwa sababu katika biashara ya uchukuzi apakiaye mzigo siye peke yake aubebaye. Hubebwa na injini, ekseli, matairi na breki. Hubebwa na lami, na udongo ulio chini ya lami. Na mwisho hubebwa na mtu ambaye huenda hajapata kumiliki hata baiskeli.

Makala haya yamekusudiwa kueleza jinsi lori la biashara lilivyoundwa, jinsi linavyompatia mwenyewe faida, na kwa nini uzito wa kila ekseli umewekewa sheria. Mfano wetu ni njia kuu itokayo Dar es Salaam hadi Tunduma, mpakani mwa Zambia, mwendo wa kilometa zaidi ya 900. Pamoja na kata ya Mbebe, wilaya ya Ileje, mkoa wa Songwe. Mbebe haiko kando ya njia kuu, lakini bei ya mahindi ya mkulima wake imefungwa na njia hiyo. Hoja yetu ni moja: uzito haupotei. Mwenye lori akikwepa kuulipia, mtu mwingine ataulipia.

Asili ya njia

Zambia ilipopata uhuru tarehe 24 Oktoba 1964, shaba na mafuta yake yalipita hasa katika reli ya kusini, kwa njia ya Rhodesia. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi wa Rhodesia ya Kusini ilijitangazia uhuru, na mwezi uliofuata mafuta ya Zambia yakakatika. Hapo ndipo malori yalipoanza kupakia mapipa ya petroli Dar es Salaam na kurudi na shaba. Sehemu kubwa ya barabara ilikuwa ya udongo: wakati wa kiangazi vumbi, wakati wa masika matope, na kwa wingi wa ajali zake watu waliipa jina la Njia ya Jehanamu. Mwaka 1966 serikali za Tanzania na Zambia, pamoja na washirika wa Kiitaliano, zilianzisha kampuni ya malori kwa ajili ya njia hiyo.

Mwaka 1968 bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilometa 1,710 hadi Ndola, lilianza kazi, na mapipa yakapungua barabarani. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 barabara ilitiwa lami. Kisha ikaja reli ya TAZARA, kilometa 1,860 hadi Kapiri Mposhi, iliyokabidhiwa rasmi mwaka 1976. Mtu angedhani kwamba lori lingekufa hapo, kwa kuwa reli huchukua tani moja kwa nguvu ndogo zaidi. Lakini lori halikufa, bali lilizidi. Maana lori huanzia mlango wa ghala na kuishia mlango wa ghala, wala halingoji behewa la mwenziwe.

Muundo wa lori

Waswahili wameupa muundo wa lori majina yanayoeleza kazi vizuri. Sehemu ya mbele, yenye injini na chumba cha dereva, huitwa kichwa. Sehemu ya nyuma inayovutwa huitwa tela. Tela ya namna hii, ambayo mbele yake huegemea mgongo wa gari linaloivuta, ilitengenezwa na August Fruehauf huko Detroit mwaka 1914. Faida yake ni kubwa: kichwa kimoja chaweza kuacha tela ikishushwa mzigo na kwenda kuvuta nyingine, hivyo sehemu iliyo ghali zaidi haikai bure.

Injini ni ya dizeli, ambayo haihitaji cheche ya umeme, kwani hukandamiza hewa mpaka ikawa ya moto kiasi cha kuwasha mafuta yenyewe. Nguvu yake hupita katika giaboksi, ambako mwendo hubadilishwa kuwa uvutano na uvutano kuwa mwendo. Kisha hupita katika difu hadi kwenye magurudumu.

Mizigo nayo ni ya namna mbili: mzigo wa uzito na mzigo wa nafasi. Tani 30 za shaba, zikitandazwa sawasawa juu ya tela ya mita 12, hazitapita unene wa sentimeta 12 hivi. Mtazamaji hudhani tela ni tupu. Tani 30 za mahindi zitapanda kufika karibu mita moja na nusu. Magodoro yatajaza tela na kupita kichwa kwa urefu kabla hayajafika tani 10. Kwa hiyo macho si mizani.

Ekseli na barabara

Lori zito huharibu barabara kwa kadiri ya uzito unaokanyaga kupitia kila ekseli, wala si kwa jumla ya uzito wake tu. Jambo hili lilipimwa huko Ottawa, jimbo la Illinois, Marekani, kati ya miaka 1958 na 1960. Wahandisi walijenga barabara za majaribio, wakapitisha juu yake malori ya uzito mbalimbali, kila uzito katika njia yake, kisha wakapima nyufa na mabonde. Matokeo yake ni kanuni iitwayo kanuni ya kipeo cha nne: uzito wa ekseli ukizidi mara 2, madhara huzidi yapata mara 16.

Hebu msomaji aitazame kanuni hii kwa mfano. Ekseli ya gari dogo hubeba nusu tani. Ekseli ya lori hubeba tani 10, yaani mara 20. Madhara ya ekseli hiyo moja ya lori ni sawa na ya ekseli 160,000 za gari dogo. Na ekseli ile ya tani 10 ikizidishiwa tani 2 tu, madhara yake huongezeka zaidi ya mara mbili.

Kwa sababu hiyo Jumuiya ya Afrika Mashariki ilitunga sheria ya udhibiti wa uzito wa magari mwaka 2016, na Tanzania ikaanza kuitekeleza tarehe 1 Machi 2019. Ekseli ya usukani hairuhusiwi kupita tani 8. Ekseli moja yenye matairi manne, tani 10. Jozi ya ekseli za namna hiyo, tani 18. Na ekseli tatu zilizofuatana, tani 24. Lori la kichwa chenye ekseli tatu na tela yenye ekseli tatu hupata 8, na 18, na 24, jumla tani 50. Kwa lori lolote jumla haipiti tani 56. Kituo cha mizani cha Mpemba, karibu na Tunduma, kipo kwa ajili ya hesabu hii.

Mteremko

Mzigo unaozidi hauumizi barabara peke yake. Tuseme lori la tani 56 linashuka mteremko unaopungua mita 8 kwa kila mita 100. Linasukumwa mbele kwa nguvu iliyo sawa na uzito wa tani 4 na nusu. Likienda kilometa 60 kwa saa, ni kama kwamba tani 56 zinateremshwa mita 1.3 kila sekunde. Nguvu hiyo yote lazima izuiwe, na ikizuiwa na breki peke yake hugeuka kuwa joto.

Breki za lori kubwa ni za upepo. Breki za kuegeshea hushikwa na springi, na upepo ndio unaozifungua; kwa hiyo bomba likipasuka, springi hulishika gurudumu lenyewe. Ni akili njema ya uundaji. Lakini hakuna akili ya uundaji iwezayo kushinda joto. Ngoma ya chuma ikipata moto sana hutanuka na kujitenga na bamba zinazoisugua; bamba nazo hupoteza ukali. Dereva hukanyaga, upepo upo, breki hazishiki.

Dawa yake inajulikana tangu zamani: kushuka katika gia nzito, ili injini yenyewe izuie gari, breki ziguswe kidogo kidogo. Wako madereva waitoao gari katika gia ili liteleze, wakidhani wanaokoa dizeli. Dhana hii imepitwa na wakati. Injini ya kisasa ikiwa ndani ya gia na mguu umeondolewa, hukatiwa dizeli kabisa. Ikitolewa katika gia, huhitaji dizeli ili isizime. Adhaniaye ameokoa amepoteza mafuta, na breki amezipa kazi ya injini. Mlima Kitonga huko Iringa, Mlima Nyoka na Iwambi huko Mbeya, na Senjele mkoani Songwe, ni majina yanayotajwa kwa huzuni katika habari za ajali. Na mara nyingi waliokufa hawakuwamo ndani ya lori.

Hesabu ya safari

Kwa nini basi mtu azidishe mzigo? Jibu limo katika hesabu. Ziko gharama zilipwazo hata lori likisimama: deni la benki, bima, mshahara wa dereva na utingo, na thamani ya gari ipunguayo kila mwezi. Ziko na zile ziletwazo na mwendo: dizeli, matairi, oili na vipuri. Foleni ya Tunduma hula zile za kwanza. Ndiyo maana kituo cha pamoja cha forodha cha Tunduma na Nakonde, kilichozinduliwa Oktoba 2019, kilitarajiwa kuwa na manufaa makubwa. Tela kurudi tupu hula za pili.

Sasa, lori lililopangiwa tani 30 likipakia 36, nauli huongezeka kwa sehemu moja katika tano, lakini gharama za safari huongezeka kidogo tu. Mwenye lori huona faida tupu. Lakini tumeona kwamba uzito wa ekseli ukiongezeka, madhara ya barabara huongezeka kwa kadiri kubwa kuliko uzito wenyewe. Faida imeingia katika mfuko mmoja. Hasara imelazwa juu ya njia ya watu wote.

Hasara hiyo haibaki njiani. Wilaya ya Ileje hulima mahindi, maharage na kahawa. Barabara ya lami ya kilometa 50 hivi, kutoka Mpemba hadi Isongole mpakani mwa Malawi, imeifungulia wilaya mlango. Lakini kutoka shambani hadi kwenye lami bado mazao husafiri kwa baiskeli, kwa pikipiki na kwa Fuso, katika njia za udongo zinazolowa miezi mingi. Mfanyabiashara anunuaye mahindi Mbebe anaijua bei ya Tunduma. Huipunguza nauli, huipunguza faida yake, na kinachobaki ndicho anachomtajia mkulima. Njia ikiharibika, matairi na springi hukatika, nauli hupanda, na bei ya debe hushuka kwa mkulima ambaye hakuzidisha hata kilo moja. Na mbolea itokayo bandarini hupita njia hiyohiyo, ikiongezwa nauli mpaka kufika kwake. Hivyo mkulima hulipia barabara mara mbili: mbolea ikija na mahindi yakienda.

Kwa hiyo mizani ya Mpemba si kizuizi cha biashara, kama isemwavyo mara nyingi. Ni mahali ambapo mzigo hurudishwa kwa mwenyewe, kabla haujawa kanda la usufi machoni pake na jiwe begani mwa mtu wa Mbebe.