Ukivuka Ziwa Tanganyika, usiiache +243 nyumbani

Mtu wa Lusangi anayevuka Ziwa Tanganyika kwenda Kigoma anaweza kuwa na simu iliyojaa majina ya ndugu wa Kasongo na Kabambare, asimpate hata mmoja. Salio lipo, mtandao upo. Tatizo ni kwamba namba zimehifadhiwa kwa mtindo wa nyumbani, zikianza na 0.

Sifuri hiyo hutumika ndani ya nchi tu. Ukishaweka laini ya Tanzania, mtandao huichukulia namba yenye sifuri kuwa ya Tanzania. Programu za kupanga namba nazo hukisia kwa kutazama nchi ya laini, na zinaweza kuongeza +255 palipotakiwa +243. WhatsApp hufuata nchi ya namba uliyojiandikishia: ukijiandikisha kwa namba ya Tanzania, ndugu waliohifadhiwa kwa 0 huenda wasionekane tena.

Kati ya Tanzania, Kenya na Uganda, ambako namba nyingi huanza na 07, simu inaweza hata kupokelewa na mtu mwingine kabisa.

Dawa ni kuhifadhi namba kamili kabla ya safari. Kwa Kongo, toa 0, andika +243, kisha tarakimu 9 zilizobaki. Tanzania ni +255 na tarakimu 9. Burundi ni +257 na tarakimu 8. Haina sifuri ya kutoa. Kwenye simu nyingi, alama ya + hutokea ukibonyeza 0 bila kuachia.

Namba iliyoandikwa hivyo hupigika ukiwa Kasongo, Bujumbura au kambini Nyarugusu.