Saa ya "kopi": usiangalie jina, uliza mashini



Tangu watu wamejua kama nilisoma elektromekanika, na kwamba kila siku ya posho niko kwenye meza ya mjomba wangu anayetengeneza saa hapa Lubumbashi, wadogo zangu wa iniversite wananiletea swali moja tu: "Grand, hii kopi ni nzuri?" Wananionyesha jina: Rolex, Omega, Hublot. Wananipimisha uzito mkononi. Hakuna anayeuliza iko na mashini gani ndani. Na njo pale pesa inapopotelea.

Acha nieleze polepole, juu wengi wetu tunanunua saa kwa mshahara wa kwanza, ama kwa siku ya dot, ama tunatafuta kuonekana watu wazima mbele ya patron anayetuhoji kwa kazi.

Kwanza: mashini ziko za aina mbili

Ya kwanza ni kwatzi. Betri, ile tunaita pile, inatuma umeme kwenye kipande kidogo cha jiwe la kwatzi, nalo linatetemeka mara 32,768 kwa sekunde moja. Wenye kusoma hesabu watacheka: hiyo ni 2 ikizidishwa yenyewe mara 15. Ukigawanya kwa mbili mara 15, unafika kwenye 1. Njo maana kila sekunde mota ndogo inasukumwa mara moja, na mshale wa sekunde unaruka hatua moja. Saa ya mkono ya kwanza ya kwatzi kuuzwa ilikuwa Seiko Astron, Tokyo, mwezi wa 12 mwaka 1969, kwa yeni 450,000. Ilikuwa bei ya gari ndogo. Leo mashini ya aina hiyo njo ya bei ya chini kabisa kwenye soko.

Ya pili haina betri. Iko na springi iliyokunjwa, magurudumu ya meno, na gurudumu dogo linaloenda na kurudi. Springi unaikaza kwa kuzungusha kifungo cha pembeni, ama inajikaza yenyewe kwa kipande kizito kinachozunguka wakati mkono wako unatembea. Hiyo ya mwisho njo otomatiki. Mashini nyingi zinapiga mara 21,600 kwa saa, maana yake 6 kwa sekunde. Zingine 28,800, yaani 8 kwa sekunde. Kwa hiyo mshale wa sekunde unaonekana kama unateleza.

Sasa sikieni jambo ambalo wengi hawalijui. Kule Uswisi kuna ofisi inayopima saa, COSC. Saa ya mashini inapata cheti chake ikiwa wastani wake hauchelewi zaidi ya sekunde 4 wala kutangulia zaidi ya sekunde 6 kwa siku. Sekunde 6 kwa siku ni dakika 3 kwa mwezi. Kumbe kwatzi ya kawaida inakosea sekunde 15 ama 20 kwa mwezi mzima! Kwa kusema saa sawasawa, ya bei ndogo inaishinda ya maelfu ya dola. Anayenunua Rolex ya kweli analipa kazi ya mikono, chuma, jina, na uhakika kwamba hata kisha miaka mingi kuna mtu wa kuitengeneza. Kopi inakupa jina tu, na hilo jina lenyewe ni la kuiba.

Pili: alama zinazodanganya

"Mshale unateleza, basi ni ya kweli." Hapana. Kila otomatiki inateleza, hata ya bei ndogo kutoka China. Na Rolex yenyewe ilitoa saa ya kwatzi, Oysterquartz, kuanzia 1977.

"Ni nzito." Chuma si kitu kigumu kupata, na uzito haukuambii mashini ni gani.

"Angalia, nyuma iko na kioo, unaona mashini ikizunguka." Kwa Rolex hii ni alama mbaya, juu karibu saa zake zote mgongo ni chuma kitupu. Zenye kioo nyuma ni chache sana.

"Imeandikwa Swiss Made." Tangu 2017 sheria ya Uswisi inadai angalau asilimia 60 ya gharama za kutengeneza saa zitoke kule, na mashini iwe ya Uswisi. Lakini anayeiba jina kubwa, unadhani ataogopa kuandika maneno mawili madogo?

Tatu: ndani ya kopi kuna nini

Kwenye meza ya mjomba ninaona ngazi tatu. Ya chini ni kwatzi ya kawaida iliyovalishwa koti la bei kubwa. Vile visaa vidogo vitatu kwenye uso vimechorwa tu, havitembei. Ya kati ni otomatiki nyepesi ya China: inatembea, lakini mafuta ni kidogo, vumbi iliingia siku ya kuifunga, na hakuna aliyeirekebisha. Ya juu, ile wanaita "super kopi", inaweza kuwa na Miyota ya Japani, ama mashini ya China iliyofuata umbo la ETA 2824-2 ya Uswisi. Muuzaji atakuambia ni ya Uswisi kabisa. Bila kuifungua, wewe unalipa maneno yake. Na ikiharibika, mara nyingi sehemu zimebadilishwa ili zifanane na ya kweli, basi fundi hapati za kurudisha.

Hasara haiishii kwa mwenye kuvaa. Dada mmoja finaliste anayekopesha pesa kidogo kidogo alitoa dola 400 na kushika "Rolex" kama rehani. Alipokuja kwetu, mwenye deni alikuwa amekwisha badilisha namba ya simu. Tulifungua mgongo: mashini ndogo ya kwatzi katikati ya pete ya plastiki, na pile moja. Zile dola zilikuwa minerval yake.

Tena iko sheria. Kwetu Kongo, sheria namba 82-001 ya tarehe 7 mwezi wa kwanza 1982 inalinda alama za biashara. Na ukipata bursa ya kwenda Ufaransa, douane wanaweza kukunyang'anya kopi na kukutoza faini, hata ikiwa ni moja tu mkononi mwako.

Nne: kwa pesa ileile, fanya hivi

Mimi ninashauri saa yenye jina lake yenyewe: Casio, Citizen, Orient, Seiko. Ukitaka otomatiki, uliza kama iko na mashini ya Seiko NH35. Watengenezaji wengi wadogo wanaitumia bila kuficha. Iko na mawe 24, inashika karibu masaa 41 ukiivua, na kampuni yenyewe inasema inaweza kuchelewa sekunde 20 ama kutangulia 40 kwa siku. Unaona? Mtu wa kweli anakuambia hata udhaifu.

Mbele ya muuzaji, angalia haya:

– Muulize jina la mashini. Akijibu jina la saa tu, hajui anachouza.
– Bonyeza vifungo vyote. Kila mshale ulio kwenye uso uwe na kazi.
– Zungusha kifungo cha pembeni. Kisikwaruze, na tarehe ibadilike yote, isibaki katikati.
– Ukisoma 30 m ama 3 ATM, ujue ni manyunyu ya mvua, si kuogelea.
– Patana naye uilinganishe na simu siku moja nzima. Otomatiki ikipotea dakika nzima kwa siku, irudishe.

Na kama unaambiwa ni ya kweli kabisa na bei inapanda, ama mtu anataka kukuachia saa kama rehani, mwende pamoja kwa fundi aifungue mbele ya macho yenu. Ni kazi ya dakika tano. Akikataa isifunguliwe, pesa yako ibaki mfukoni.