Bunia: Vipindi vinatoka kwenye dekoda na kuingia intaneti, nani atalipa mega?

Siku ya mechi kubwa ya Uingereza, si vigumu kujua ni sinema gani mjini Bunia imelipa abonema. Unasikia kelele ukiwa barabarani, kabla hujaona mlango. Ndani kuna televisheni moja ama mbili, dekoda moja, na juu ya bati kuna parabole. Nyuma ya nyumba jenereta inalia, sababu mwenye sinema hawezi kuutegemea umeme peke yake siku hiyo. Yoane Wissa akigusa mpira, watu wanasimama wote pamoja, hata wale ambao si mashabiki wa timu yake.

Biashara hiyo imesimama juu ya jambo dogo ambalo watu hawalifikirii sana: setelaiti haijui wangapi wanaangalia. Awe mtu mmoja sebuleni Mudzipela ama vijana 60 kwenye mabenchi karibu na soko kuu, picha inayoshuka kwenye parabole ni ile ile. Ndiyo maana kijana mwenye franka kidogo tu anaweza kuona mechi ambayo haki zake zimeuzwa kwa mamilioni ya dola.

Sasa makampuni makubwa ya televisheni duniani yanaiacha njia hiyo polepole. Yanavuta vipindi vyao kutoka kwenye dekoda na kuviweka kwenye huduma zao wenyewe za intaneti, kile kinachoitwa strimingi. Marekani, HBO ilianza kuuza filamu na seri zake moja kwa moja kwa intaneti mwaka 2015, bila mteja kupitia kampuni ya waya ama ya parabole. Disney ikafungua Disney+ mwezi wa Novemba 2019. Sababu yao inaeleweka: mteja akilipa dekoda, pesa inapita kwanza kwa mwenye dekoda. Akilipa kwa intaneti, pesa inafika moja kwa moja kwa mwenye filamu, pamoja na habari zote za nini anapenda kuangalia na saa ngapi.

Kule Ufaransa, wateja wa Canal+ waliliona jambo hilo kwa macho: kuanzia tarehe 1 Januari 2025, Disney na Canal+ waliachana, na aliyetaka Disney+ alipaswa kuifuata kwingine. Mpira nao umeanza kuhama. Kombe la Dunia la Vilabu la mwaka 2025, lenye mechi 63, lilionyeshwa lote na kampuni ya DAZN kupitia intaneti. Ilikuwa bure, walisema. Bure, ila mega ulijinunulia mwenyewe.

Na hapo kwenye mega ndipo Bunia inaguswa. Netflix yenyewe inasema kuwa saa moja ya picha ya kawaida inakula hadi giga 1, na picha safi ya HD hadi giga 3. Mechi moja pamoja na mapumziko ni karibu saa mbili: giga 2 kwa picha ya kawaida. Sasa rudi kwenye ile sinema yetu. Watu 60, kila mmoja na telefone yake, ni giga 120 kwa mechi moja. Dekoda iliwafanyia wote kazi hiyo kwa abonema moja. Kwa seri ya vipindi kumi vya saa moja, mama mmoja atahitaji giga 10 ili ajue tu kama yule binti ameolewa ama hapana. Atafikiria mara mbili kabla ya kununua forfe hiyo, kwani pesa hiyo hiyo ndiyo ya unga na makala.

Kuna pia njia ya kulipa. Abonema ya dekoda unailipa kwa M-Pesa, Airtel Money ama Orange Money, ama unaenda kwa muuzaji na franka mkononi. Huduma nyingi za strimingi zinataka kadi ya benki, na wengi wetu hatuna. Nyingine hazikufika kabisa: Disney+ ilipoingia kusini mwa Sahara, Mei 2022, ilifungua mlango Afrika Kusini, si kwetu.

Hata hivyo, mtu asidhani kwamba Afrika inafuata Marekani hatua kwa hatua. Hapa kuna kitu kinachokwenda kinyume, na kwa maoni yangu ndicho cha kuangalia zaidi. Juni 2025, Netflix, ile ile iliyofundisha dunia kuacha dekoda, ilitia sahihi na Canal+ ili programu zake zipatikane kwa wateja wa Canal+ katika nchi 24 za Afrika zinazozungumza Kifaransa. Mfalme wa intaneti amekuja kubisha hodi kwenye parabole. Amazon, kwa upande wake, ilikuwa tayari imepunguza kazi zake za filamu barani Afrika mapema mwaka 2024. Walioleta strimingi wamekutana na bei ya mega na wamepiga hesabu upya.

Lakini wenye dekoda nao hawalali vizuri. MultiChoice, kampuni ya DStv na GOtv, ilipoteza wateja milioni 1.2 kwa mwaka mmoja na kubaki na milioni 14.5 mwezi wa Machi 2025. Septemba mwaka huo Canal+ ikaichukua. Makampuni mawili yaliyokuwa yakigombania mabati ya Afrika, moja kwa Kifaransa na lingine kwa Kiingereza, leo ni nyumba moja.

Kwa Ituri, jambo hilo linaweza kuwa na faida ambayo Kinshasa haitaiona haraka. Canal+ ina chaneli ya Kilingala, Maboke TV. Wasemaji wa Kiswahili wa Bunia, Goma, Bukavu na Kisangani wanaangalia novela kwa Kifaransa, na mtoto aliyesoma anawatafsiria wazee. Upande wa MultiChoice kuna Maisha Magic Bongo, chaneli ya Kiswahili yenye filamu na michezo ya kuigiza, ambayo imetengenezwa kwa ajili ya Watanzania. Ikiwa nyumba ni moja, ni nini kinaizuia kushuka kwenye parabole za Bunia, katika bei ya abonema ya chini? Hakuna anayepaswa kuhamisha mlima hapo. Ni suala la haki za kuonyesha, na la mtu fulani ofisini kukumbuka kwamba mashariki ya Kongo kuna mamilioni ya watu wanaocheka kwa Kiswahili.

Tanzania yenyewe inatuonyesha njia ya katikati. Azam ilinunua haki za ligi ya Bara kwa miaka kumi, kwa shilingi bilioni 225.6, mkataba uliotiwa sahihi mwaka 2021. Mechi zinapita kwenye dekoda yake na kwenye programu yake ya telefone, zote mbili. Mashabiki wa Kongo waliomfuata Fiston Mayele alipokuwa Yanga wanajua raha ya kuwa na njia mbili.

Njia mbili zina maana nyingine kwetu. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2018, intaneti ilikatwa nchini Kongo kwa karibu siku 20. WhatsApp ilinyamaza, YouTube ikanyamaza. Dekoda ziliendelea kuonyesha mpira.

Kwa hiyo aliye na dekoda leo asikimbilie kuiuza. Ila kabla ya kulipa abonema ya miezi mingi, amuulize muuzaji chaneli anazozipenda ziko kwenye bei gani na kama bado zipo, kwani chaneli inaweza kuondoka bila mtu wa Bunia kuambiwa. Na wateja wa Canal+ wajue kwamba abonema yao inawafungulia pia programu ya telefone ya kampuni hiyo. Mwenye wifi kazini anaweza kupakua kipindi huko na kukiangalia nyumbani jioni, umeme ukiwepo ama telefone ikiwa na moto.