Bear na Deni la Kulungu

Je, wajua kwamba mojawapo ya meli mashuhuri zaidi katika historia ya Walinzi wa Pwani wa Marekani iliundwa kwa ajili ya kuwinda sili? Iliitwa Bear, yaani Dubu, na ilishushwa majini Dundee, Scotland, mwaka 1874. Mbao zake za mwaloni zilikuwa na unene wa sentimita 15, na omo ikavikwa mti mgumu zaidi. Ilikuwa na milingoti mitatu, na injini ya mvuke tumboni. Barafu ikibana, ubao mnene hukubali kidogo, hulia, kisha hurudi mahali pake.

Serikali ya Marekani iliinunua mwaka 1884 ikasaidie kumtafuta mpelelezi Adolphus Greely na wenzake, waliokwama kaskazini ya mbali. Kati ya watu 25, saba tu walikutwa hai, chini ya hema lililoanguka. Mwaka uliofuata Bear ikakabidhiwa kikosi cha meli za forodha, ikapangiwa doria ya Alaska.

Mwaka 1886 ilipata nahodha Michael Healy, mzaliwa wa Georgia ambaye mama yake alikuwa mtumwa. Ndiye mtu wa kwanza mwenye asili ya Afrika kuongoza meli ya serikali ya Marekani. Healy aliona wenyeji wa pwani wakikosa chakula, kwani meli za wavuvi wa nyangumi kutoka mbali zilikuwa zimefyeka nyangumi. Ng'ambo, Siberia, Wachukchi walifuga kulungu wa nchi za baridi. Kwa hiyo, kuanzia 1891, yeye na mmishonari Sheldon Jackson walivuka kwenda kuwanunua. Wanyama walipandishwa sitahani kwa kamba, miguu ikining'inia.

Kulungu hao wakaja kulipa fadhila. Mwishoni mwa 1897 meli nane za kuvua nyangumi zilinaswa na barafu karibu na Point Barrow, kaskazini kabisa mwa Alaska, zikiwa na watu wapatao 265. Bear nayo ilishindwa kupenya. Ikawashusha maofisa wawili, David Jarvis na Ellsworth Bertholf, pamoja na daktari Samuel Call, wafike kwa miguu na kwa mbwa wa kuvuta sleji: kilomita zipatazo 2,400, katikati ya majira ya baridi.

Njiani Jarvis alimwendea mfugaji mwenyeji, Charlie Antisarlook, akamwomba kundi lake zima. Kundi lile ndilo lililokuwa mali yake na tegemeo la majirani zake. Charlie alishauriana na mkewe, wakakubali kwa ahadi kwamba watarudishiwa, naye mwenyewe akaenda kuwaswaga. Mimi naona ushujaa mkubwa kuliko wote katika safari ile ulikuwa huo. Machi 1898 kulungu zaidi ya 300, wakiwemo wa Charlie, wakafika Barrow, na Julai Bear ikafika kuwachukua mabaharia.

Kikosi cha forodha kilipounganishwa na kile cha uokoaji mwaka 1915 kuwa Walinzi wa Pwani, mkuu wa kwanza akawa Bertholf yuleyule.

Bear ikaendelea: ikawa makumbusho Oakland, ikaenda Antaktiki na mpelelezi Richard Byrd, ikalinda Greenland wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 1963 ilikuwa ikivutwa kwenda Philadelphia ikageuzwe mkahawa. Dhoruba ikaikuta kusini mwa Nova Scotia, kamba ikakatika, nayo ikazama. Mabaki yake yalitambuliwa mwaka 2021.