Haki, Uadilifu na Unyofu: Juu ya Kuchagua Neno Katika Mahubiri

Kila mwanafunzi wa theolojia katika nchi yetu husoma kwa lugha moja na kuhubiri kwa lugha nyingine. Vitabu vingi vilivyomo katika maktaba zetu vimeandikwa kwa Kiingereza. Mimbari hunena Kiswahili. Kati ya hizo mbili lipo daraja ambalo mhubiri hulivuka peke yake Jumamosi usiku, naye mara nyingi hulivuka upesi, akidhani kwamba maneno yanayokaribiana maana yanaweza kubadilishana nafasi bila hasara. Katika makala hii nataka kulichunguza neno moja tu pamoja na ndugu zake, yaani neno haki, kwa kuwa juu yake husimama fundisho ambalo Walutheri wamelishika tangu karne ya 16.

Tuanze na Kiingereza chenyewe. Mwanafunzi afunguapo kitabu cha maelezo juu ya Waraka kwa Warumi hukuta maneno mawili, "righteousness" na "justice", naye hudhani kwamba Mtume Paulo alikuwa na mambo mawili moyoni. Sivyo. Kiyunani kina neno moja, dikaiosyne. Kilatini alichokisoma Luther kina moja, iustitia, na Kijerumani kina moja, Gerechtigkeit. Ni Kiingereza kilicholigawa, kwa sababu kilirithi neno moja kutoka kwa Wajerumani wa kale na jingine kutoka Kilatini kwa njia ya Kifaransa; la kwanza likabaki kanisani, la pili likaenda mahakamani. Basi tafsiri ya Kiswahili ikifuata mgawanyo huo bila kufikiri, tutakuwa tumeazima tatizo lisilo letu.

Hata hivyo nasi tunayo matatizo yetu. Tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952, ambayo wengi wetu tumelelewa nayo, ilichagua neno haki. Asili yake ni Kiarabu, nalo hubeba maana ya ukweli na pia ya kile kinachomstahili mtu. Hii maana ya pili ndiyo iliyokua sana katika Kiswahili cha leo. Twasema haki za binadamu, haki ya kupiga kura, haki ya mjane katika mirathi. Mkulima wa kahawa katika milima ya Umatengo akingojea malipo ya pili husema, "Nadai haki yangu." Haki hapa ni kitu ambacho mtu amekitolea jasho, na anayekizuia ni mdhalimu.

Sasa mhubiri na ashuke kutoka milima hiyo mpaka Mbaha, pwani ya Ziwa Nyasa, akasimame mbele ya wavuvi na kutangaza kwamba mwanadamu huhesabiwa haki kwa imani. Wanasikia nini? Nilipata kumwuliza mzee mmoja wa huko baada ya ibada. Alijibu kwa heshima kubwa: "Baba Mchungaji, maana yake ni kwamba tukiamini kwa uaminifu, Mungu hatatunyima haki yetu." Mzee huyu hakuwa mzembe wa kusikiliza. Alilichukua neno kama linavyotumika siku sita za juma, akakiunganisha na kitenzi "kuhesabiwa", ambacho dukani ni kitenzi cha daftari la mkopo. Lakini alichokisikia ni kinyume kabisa cha Warumi 4:4-5, ambapo Mtume hutenganisha ujira wa mtu afanyaye kazi na neema apewayo asiyefanya kazi. Injili ilikuwa imegeuka kuwa dai, na Mungu kuwa mdaiwa. Luther mwenyewe, katika dibaji ya mwaka 1545 ya maandiko yake ya Kilatini, alisimulia jinsi neno hili la Warumi 1:17 lilivyomtesa, kwa kuwa alilielewa kuwa haki ambayo kwayo Mungu huwaadhibu wenye dhambi. Hofu yake na tumaini la mzee wa Mbaha zilitoka katika neno lilelile likisikiwa kwa masikio tofauti.

Watafsiri wetu hawakuwa vipofu. Karl Roehl, mmisionari wa Betheli, ambaye Agano Jipya lake lilitoka mwaka 1930 na Biblia nzima mwaka 1937, alipenda kutumia maneno yenye asili ya Kibantu mahali pa yale ya Kiarabu. Injili aliiita Utume mwema. Mahali pa haki aliweka wongofu, neno la ukoo mmoja na kuongoka, yaani kuwa katika njia iliyonyoka. Wengi walimcheka, nami nakubali kwamba Kiswahili chake hakikuwa Kiswahili cha mtu yeyote wa pwani. Walakini katika neno hili alikuwa ameona jambo. Ng'ambo ya ziwa, Kinyanja husema chilungamo, kutokana na kulungama, yaani kunyoka. Lugha hiyo ndiyo aliyoitumia William Percival Johnson, mmisionari wa Kianglikana aliyefariki mwaka 1928 na kuzikwa Liuli, katika kuitafsiri Biblia kwa ajili ya watu wa ziwa. Mvuvi anayejua mtumbwi uliochongwa upande hataki maelezo marefu juu ya kitu kilichonyoka na kisichonyoka. Kasoro ya picha hii ni kwamba humtazama mtu alivyo, wala haionyeshi mahakama, ambapo hakimu humtamkia neno.

Ndipo inapokuja Biblia Habari Njema, iliyokamilika katika miaka ya 1990. Hii hunena juu ya kukubaliwa kuwa mwadilifu. Neno kukubaliwa ni zuri. Lina joto la nyumba ambayo mwana amerudi. Lakini mwadilifu ni nani kwa Mtanzania? Ni mtumishi wa umma asiyepokea rushwa, mweka hazina ambaye hesabu zake hukaguliwa bila aibu. Uadilifu ni sifa ya mwenendo. Nikimwambia mlevi aliyetubu jana kwamba amekubaliwa kuwa mwadilifu, jirani zake watacheka, na pengine yeye mwenyewe. Paulo asema kwamba Mungu humhesabia haki asiye mcha Mungu, na hapo neno la sifa halitoshi.

Katika Amosi 5:24 mambo hugeuka. Tafsiri ya Muungano ina hukumu na haki. Habari Njema ina haki na uadilifu. Neno haki limehama kutoka upande mmoja wa mstari kwenda upande wa pili! Nami hapa nawaunga mkono watafsiri wa baadaye bila kusita. Nabii analilia mashauri ya maskini yaliyopotoshwa langoni, na msikilizaji wa leo akisikia hukumu hufikiri kifungo.

Njia moja ya kupima maneno kama haya ni kuuliza kinyume chake. Kinyume cha haki ni dhuluma, cha uadilifu ni ufisadi, na cha unyofu ni hila. Mhubiri akijua ni giza gani ambalo somo lake linapigana nalo, ataijua taa ya kuiwasha. Kipimo hiki hufaa pia kwa huruma, rehema, fadhili na neema, ambayo tunayamwaga pamoja katika sala kana kwamba ni neno moja refu. Huruma aweza kuwa nayo hata mtoto. Rehema hushuka kutoka kwa mwenye uwezo, na ndiyo sababu aliyefariki twamwita marehemu. Fadhili hungojea shukrani. Neema ina hatari yake pwani ya ziwa, kwa maana dagaa wakijaa watu husema ni neema, na wasipoonekana, je, Mungu ameiondoa?

Nirudi kwenye haki. Sishauri kuliacha neno hili. Katika Kiswahili cha baraza bado twasema, "Katika shauri hili fulani ndiye mwenye haki," yaani ndiye aliyeonekana kuwa sawa mbele ya waamuzi. Maana hiyo ndiyo ya Yuda alipomtaja Tamari katika Mwanzo 38:26, nayo i karibu sana na Kiebrania. Kwa hiyo nawashauri wanafunzi wangu wasiliseme peke yake. Waseme haki itokayo kwa Mungu, kama Wafilipi 3:9 inavyowaongoza, ili msikilizaji asipate nafasi ya kuongeza "yangu". Na anayetaka kulifundisha kwa hadithi na achukue Luka 18:9-14. Farisayo analeta hesabu zake zote. Mtoza ushuru, katika Tafsiri ya Muungano, anaomba awiwe radhi, neno ambalo kila mtoto wa Kiswahili amelitamka mbele ya mzazi aliyemkosea. Huyo ndiye anayeshuka kwenda nyumbani kwake amehesabiwa haki, wala hakuwa ameidai.