Wakwe, Kifo cha Mke na Mzigo wa Kuthibitisha

Mwanamke aliyeolewa anapojiua baada ya kuteswa ukweni, sheria ya jinai hukabiliwa na swali zito: je, mtu anaweza kuadhibiwa kwa tendo ambalo marehemu alilitenda kwa mkono wake mwenyewe? India imelijibu swali hilo kwa kirefu, ilhali Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo haijalijibu, na pengo hilo linamhusu kila mzazi aliyeoza binti, wa Minova wilayani Kalehe akiwemo.

Nchini India, kumshawishi mtu ajiue kulikuwa kosa chini ya kifungu cha 306 cha Kanuni ya Adhabu ya 1860, ambacho tangu tarehe 1 Julai 2024 kimerithiwa na kifungu cha 108 cha sheria mpya, na adhabu yake hufika kifungo cha miaka 10. Kushawishi maana yake ni kuchochea, kula njama au kusaidia kwa makusudi. Kwa kuwa mateso ya ukweni hufanyika mlango ukiwa umefungwa, mwaka 1983 Bunge la India liliufanya ukatili wa mume na ndugu zake kuwa kosa la peke yake, kisha likaweka dhana ya kisheria, yaani ruhusa ya mahakama kuliamini jambo mpaka mshtakiwa alikanushe: mke akijiua ndani ya miaka 7 ya ndoa, na ikathibitika kwamba alitendewa ukatili, mahakama inaweza kuchukulia kwamba mume au ndugu zake ndio waliomshawishi.

Neno "inaweza" lina uzito wake. Katika shauri la Ramesh Kumar, lililoamuliwa na Mahakama ya Juu ya India mwaka 2001, mume aliyekuwa akigombana na mkewe alimwambia kuwa yuko huru kufanya atakalo na kwenda atakako, naye mke akajitoa uhai. Majaji walisema kwamba neno lililotamkwa kwa hasira, bila nia ya kuleta matokeo yale, si uchochezi. Wakamfutia hatia ya kushawishi lakini wakaiacha hatia ya ukatili. Kwa wakwe kipimo ni kikali zaidi, kwani haitoshi kuitaja familia nzima: lazima ionyeshwe mama mkwe alifanya nini, wifi alisema nini na lini.

Congo inafuata njia nyingine. Vifungu vya 21 na 22 vya Kanuni ya Adhabu ya tarehe 30 Januari 1940 humwadhibu anayechochea au kusaidia kosa la mwingine, lakini hatia ya mshiriki hutegemea kuwepo kwa kosa lenyewe, na kwa kuwa kujiua si kosa nchini humo, mchochezi hana kosa la kushiriki. Kenya iliepuka mtego huo kwa kuandika kosa linalojitegemea katika kifungu cha 225 cha Kanuni yake ya Adhabu, lenye adhabu inayofika kifungo cha maisha.

Kwa hiyo familia ya Minova inayokwenda parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka, hubakiwa na makosa ya pembeni: kipigo, kusababisha kifo kwa kutochukua tahadhari, au kutomsaidia mtu aliye hatarini. Hata hayo yanadai ushahidi, na Minova inajua gharama ya kuukosa: katika kesi ya ubakaji uliofanywa huko na wanajeshi mnamo Novemba 2012, hukumu ya tarehe 5 Mei 2014 iliwatia hatiani kwa ubakaji wawili tu kati ya washtakiwa 39.

Ushahidi wa mateso ya ukweni ni cheti cha daktari chenye tarehe, ujumbe uliobaki kwenye simu, na jirani aliyesikia kilio akakubali kusema. Mara nyingi mambo hayo hufichwa na wazazi wenyewe, ambao humrudisha binti kwa mumewe kwa kuogopa kudaiwa warudishe mahari. Wabunge wa Congo waandike kosa la kumshawishi mtu ajiue, lisimame lenyewe. Na mzazi ambaye binti yake amerudi nyumbani na alama za fimbo ampeleke kwa daktari siku hiyohiyo, akiweke cheti atakachopewa mahali salama, wala asimrudishe ukweni.