Itazame Tairi Kabla Hujapanda

Umetoka shule, mvua imenyesha tangu mchana, na nyumbani ni kilomita nane. Kijiweni kuna pikipiki tatu. Utapanda ipi? Wengi wetu tunapanda ya bei nafuu, au yenye muziki mzuri, au ya mshikaji tunayemfahamu. Ni wachache wanaoinama kidogo kutazama kitu ambacho ndicho kinachogusa ardhi: tairi.

Labda unajiuliza, gazeti la afya na tairi wapi na wapi? Sikiliza. Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2023, linasema ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 duniani kila mwaka, na ndizo zinazoongoza kwa kuua watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29. Hao ni sisi. Tena huku vijijini pikipiki ndiyo gari la wagonjwa: mama mjamzito akishikwa na uchungu usiku wa manane, bodaboda ndiye anayempeleka zahanati. Tairi likiteleza njiani, wagonjwa wanakuwa wawili au watatu.

Basi hebu tujifunze, tairi zuri ni lipi?

Maisha yako yako kwenye kiganja

Pikipiki ndogo ina kilo kama 120. Ongeza dereva kilo 65 na abiria kilo 55, unapata 240. Tuseme tairi la nyuma limebeba 150 kati ya hizo. Upepo wa psi 28 ni sawa na kilo 2 hivi kwa kila sentimita moja ya mraba. Gawanya 150 kwa 2: ni sentimita 75 za mraba tu ndizo zinazogusa barabara. Hicho ni kiasi cha kiganja chako, bila vidole!

Kiganja hicho kimoja cha nyuma, na kingine kidogo zaidi cha mbele, ndivyo vinavyokusukuma, vinavyokata kona na vinavyokusimamisha. Sasa fanya hesabu ya fizikia. Pikipiki iko kasi ya kilomita 54 kwa saa, yaani mita 15 kwa sekunde. Kama msuguano kati ya tairi na barabara ni 0.7, breki zikishaanza kushika itasimama baada ya mita 16. Msuguano ukishuka hadi 0.35 kwa sababu ya maji na tairi baya, itahitaji mita 32. Mshiko umepungua nusu, umbali umekuwa mara mbili. Kama mtoto amekatiza mita 20 mbele yako, tofauti hiyo ni uhai wake.

Laini au gumu?

Hapa ndipo ulipo mtihani. Mpira laini unajibana kwenye vijitundu vya barabara na kushika vizuri, lakini unalika upesi. Mpira mgumu unadumu, ila mvua ikinyesha unateleza. Kila kiwanda cha matairi kinatafuta njia ya katikati.

Kumbuka somo la kemia. Mpira mbichi unaotoka kwenye mti ni mweupe, nao kwenye joto unanata na kwenye baridi unakakamaa. Mwaka 1839 Mmarekani Charles Goodyear aligundua kwamba ukiupika pamoja na salfa unakuwa imara. Baadaye viwanda vikaongeza masizi maalumu ya kaboni. Hayo ndiyo yanayolifanya tairi liwe jeusi na lisilike haraka. Siku hizi matairi mengi yana silika pia, ambayo husaidia kushika barabara yenye maji.

Kwa hiyo fundi akikwambia, "Chukua hili, haliishi milele," usifurahi kwanza. Muulize: "Na kwenye mvua linashikaje?" Tairi gumu kama jiwe linaweza kudumu kuliko dereva wake.

Na la bei rahisi je? Tumia hesabu ya kugawanya. Chukulia tairi moja ni shilingi 40,000 na linadumu miezi 4. Jingine ni shilingi 60,000 na linadumu miezi 8. La kwanza limekula 10,000 kwa mwezi, la pili 7,500. Rahisi imekuwa ghali. Dereva anayewaza hesabu ya jioni ya tajiri wake anaweza asiione hesabu hii. Mwonyeshe.

Kashata za nini?

Vile vibonge vya mpira kwenye uso wa tairi, ambavyo mafundi wanaviita kashata, havikuwekwa kwa ajili ya urembo. Kila njia ina tairi lake.

*Lami.* Hapa unataka mpira mwingi uguse chini, na mifereji ya kutosha kutoa maji. Kwenye lami kavu mifereji haina kazi kubwa. Mvua ikinyesha, ndiyo inayoyasukuma maji pembeni ili mpira uguse barabara.

*Changarawe na vumbi.* Hapa ardhi yenyewe inakimbia chini ya tairi. Unahitaji kashata zilizoachana kidogo, zenye kona kali za kung'ata.

*Tope.* Hapa ni kashata ndefu zilizoachana sana. Zikikaribiana, tope linajaa katikati, na tairi linageuka kuwa mche wa sabuni.

Sasa mtu atasema, basi nifunge kashata ndefu mwaka mzima nimalize kazi! Hapana. Kwenye lami kashata ndefu zinayumba, mpira unaogusa barabara ni kidogo, breki zinachelewa kukusimamisha, na kashata zenyewe zinaisha upesi.

Watu wanaosafiri kwa pikipiki kubwa kutoka Ulaya hadi Cape Town wana tatizo hilihili: leo lami, kesho mchanga. Waigizaji Ewan McGregor na Charley Boorman walipita Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania mwaka 2007 katika safari ya namna hiyo. Kwa wasafiri kama hao matairi hutajwa kwa mgawanyo. 80 kwa 20 maana yake limetengenezwa hasa kwa lami, 50 kwa 50 ni nusu lami nusu vumbi. Wewe pia jiulize: katika kilomita kumi za njia yetu, ngapi ni lami? Kama saba ni changarawe, tairi la mjini halikufai, hata kama linang'aa dukani.

Lisome kama kitabu

Maandishi ya ubavuni mwa tairi si mapambo. Tuseme imeandikwa 3.00-17 50P.

- 3.00 ni unene wa tairi kwa inchi.
- 17 ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Tairi la 17 haliingii kwenye rimu ya 18, usidanganywe.
- 50 ni namba ya mzigo. Namba 50 ni kilo 190, namba 47 ni kilo 175, namba 41 ni kilo 145. Hicho ndicho kiasi ambacho tairi moja linaruhusiwa kubeba. Ukipanda mshikaki, watu watatu au wanne na gunia juu, tairi la nyuma linabebeshwa mzigo ambao halikutengenezewa.
- P ni kasi ya juu ambayo tairi linastahimili, kilomita 150 kwa saa. Si ruhusa ya kukimbia!
- Tarakimu nne karibu na herufi DOT ni tarehe ya kutengenezwa. 1424 ni wiki ya 14 ya mwaka 2024. Mpira unazeeka hata kama hautumiki, na jua linauharakisha. Tairi lililoanikwa mbele ya duka miaka mingi lina nyufa ndogondogo. Liache hapohapo.
- Mshale unaonyesha upande wa kuzunguka. Likifungwa kinyume, mifereji haitoi maji inavyotakiwa.

Upepo ni bure, pancha si bure

Wengi hujaza upepo mpaka tairi linakuwa kama mbao, eti libebe mzigo. Matokeo yake kile kiganja kinapungua, na pikipiki inadunda kwenye mawe. Wengine wanaacha upepo mdogo. Hapo ubavu unajikunja kila mzunguko, tairi linapata joto, linachanika, na kwenye tairi la tyubu valvu inaweza kung'oka.

Kwa pikipiki nyingi za cc 100 hadi 150 utakuta karibu psi 25 mbele, na nyuma 28 hadi 32 kukiwa na abiria. Lakini fuata kilichoandikwa kwenye pikipiki yenyewe au kwenye kitabu chake. Pima kwa geji, asubuhi, tairi likiwa la baridi. Kupiga teke kwa kiatu si kupima.

Lini limekufa?

Ndani ya mifereji kuna vituta vidogo. Pembeni utaona herufi TWI zikionyesha vilipo. Kashata zikilika mpaka zikalingana na vituta hivyo, tairi limekufa. Usisubiri liwe kipara kabisa. Ukiona nyuzi, uvimbe ubavuni au mpasuko, limekufa pia, hata kama kashata bado zipo.

Kuna mtindo wa kuchonga mifereji mipya kwenye tairi kipara kwa kisu cha moto. Hiyo ni noma! Mpira uliobaki juu ya nyuzi ni mwembamba, na wewe unaukata tena. Kwa macho linaonekana fiti, kumbe ni karatasi.

Kosa jingine ni kulitoa tairi la nyuma lililochakaa na kulihamishia mbele, eti lisipotee. Unapofunga breki, uzito mwingi unakimbilia mbele, na tairi la mbele ndilo linalofanya kazi kubwa ya kukusimamisha. La nyuma likiteleza, dereva mzuri anaweza kuliokoa. La mbele likiteleza, mko chini kabla hamjasema "ooh".

Mnayoyauliza sana

*Tairi jipya kabisa linateleza, kwa nini?*
Uso wake bado ni laini na unang'aa. Endesha taratibu kilomita 100 hadi 150 za kwanza, bila kulaza pikipiki kwenye kona, mpaka uso ukwaruzike.

*Nikipunguza upepo tope linapitika?*
Ndiyo, kidogo, maana tairi linatandaa. Lakini ukifika lami jaza tena. Na kwenye tope la mfinyanzi hata tairi bora lina mwisho wake. Omba ushuke, upite kwa miguu. Huo si woga, ni akili.

*Mimi ni abiria tu, dereva atanisikiliza?*
Atakusikiliza kuliko unavyodhani, kwa sababu wewe ndiye mwenye nauli. Mwite pembeni, usimwaibishe kijiweni. Sema, "Kaka, tairi lako la mbele limekwisha, leo mvua, nitapanda ukibadilisha." Wanafunzi kumi wakisema hivyo ndani ya wiki moja, hata tajiri mwenye pikipiki atasikia.

Kagua kwa nusu dakika

1. Tazama tairi la mbele kwanza. Je, mifereji bado ina kina?
2. Tazama la nyuma. Je, limelika katikati na kuwa bapa?
3. Angalia ubavu: nyufa, uvimbe, nyuzi.
4. Bonyeza kwa kidole gumba. Likibonyea, halina upepo, usipande.
5. Hesabu watu. Dereva na abiria mmoja, basi.
6. Omba kofia ngumu, vaa, funga mkanda wake. Sheria inaitaka, na kichwa chako kinaitaka zaidi.

Kama kaka yako au mjomba anaendesha bodaboda, nendeni pamoja dukani siku ya kununua. Wewe umesoma fizikia na kemia, yeye anaijua barabara. Mwambie asome namba, aulize tarehe, agawanye bei kwa miezi. Halafu nakili orodha hii kwenye daftari, uibandike pale kijiweni ambapo kila mtu anasubiri usafiri. Anayesubiri ana muda wa kusoma, na nusu dakika hiyo haimcheleweshi mtu.